Ukimweka Kitty Wells Hewani, Mtangulize Hank Thompson

Kipindi changu cha kantri kilikuwa Jumapili asubuhi, na wasikilizaji waliniomba walewale kila wiki: Jim Reeves, Skeeter Davis, Dolly Parton. Kitty Wells, mwimbaji wa kantri wa Marekani, hakuna aliyemwomba. Siku ya kwanza nilipomweka hewani nilimtaja jina tu, nikaachia wimbo. Haikulia simu hata moja, na kosa lilikuwa langu.

Wimbo wenyewe, "It Wasn't God Who Made Honky Tonk Angels" ("Si Mungu Aliyewaumba Malaika wa Baa"), ni jibu. Mwaka 1952 mwimbaji wa kantri Hank Thompson alitamba na "The Wild Side of Life", akimlaumu mwanamke aliyemwacha na kurudia maisha ya baa. Ulikaa kileleni mwa chati wiki 15. Tarehe 3 Mei mwaka huohuo Kitty, mama wa watoto watatu aliyekuwa akifikiria kuacha muziki, aliingia studio mjini Nashville kwa ujira wa dola 125. Kwa mahadhi yaleyale akajibu kwamba Mungu hakuwaumba hivyo wanawake wale wa baa. Waume za watu wanaojifanya makapera ndio waliowaharibu. Redio ya NBC iliukataa, na Grand Ole Opry, kipindi maarufu cha kantri redioni, ikamzuia kwa muda kuuimba. Wanunuzi hawakujali. Ndio wimbo wa kwanza wa mwimbaji wa kike peke yake kushika namba moja kwenye chati ya kantri ya jarida la Billboard. (Maneno aliyatunga mwanamume, J. D. Miller. Litaje hilo pia, kwani ni haki yake.)

Kwa hiyo wewe unayeanza utangazaji, cheza Thompson kwanza, mpaka mwisho. Usimkatize kwa tangazo. Kisha sema, "Na mwanamke akamjibu," ufunge maikrofoni. Sauti ya Kitty ni tulivu, haina kilio wala mbwembwe. Ukiongea juu yake unaiua. Watu waliozoea mipasho ya taarabu na mashairi ya kujibizana hawahitaji ufafanuzi zaidi.

Nilipofanya hivyo simu hazikukatika. Mama mmoja aliomba nirudie wimbo wa kwanza, wa Thompson, asikie vizuri mwenzake alishtakiwa nini, ndipo nimrudishie Kitty. Nikazirudia zote mbili.

Kitty alifariki tarehe 16 Julai 2012, akiwa na miaka 92. Jumapili iliyofuata nilimtengea nusu saa nzima. Niliianza na Thompson.