Kadi ya zamani ya Wi-Fi: kabla hujaing'oa

Wadogo zangu mnaoanza ufundi, kuna siku mtaletewa laptopu ya mtumba inayouona mtandao vizuri tu, inapokea neno la siri, halafu inazunguka weee na kurudi palepale. Mwenye mali atawaambia "Wi-Fi imekufa, niwekee nyingine." Msikimbilie bisibisi. Mara nyingi kadi ni nzima, ila haielewani na ruta kuhusu namna ya kusimba data, yaani kuifumba ili wengine wasiisome hewani. Hilo linatibika, lakini lazima ujue ugonjwa uko wapi.

Mimi nililijua kwa hasara ya watu. Mwaka 2011 niliitwa kufunga mtandao kwenye chumba cha kompyuta cha shule moja ya sekondari. Laptopu 20 za mtumba, zote Windows XP, ruta mpya nimeiweka WPA2, kanuni ya usalama wa Wi-Fi iliyoifuata WPA. Kumi na nne zikaingia, sita zikagoma. Kwa kiherehere changu nikaamua kwamba kadi za hizo sita ni za kizamani mno, nikamwambia mkuu wa shule anunue adapta sita za USB. Zikanunuliwa. Nikazichomeka, nazo zikagoma vilevile!

Kumbe tatizo lilikuwa Windows yenyewe. Zile sita zilikuwa na Service Pack 2, furushi la masasisho ya Windows la mwaka 2004, ambayo inaijua WPA lakini haiijui WPA2. WPA2 ililetwa kwa kiraka cha pekee mwaka 2005, mtu akitafute mwenyewe, na ikaja kuwekwa ndani ya Service Pack 3 mwaka 2008. Nikakesha naweka Service Pack 3, asubuhi kadi za awali zote zikaunganika. Adapta zikaishia kabatini, na mhasibu wa shule ile kila tukionana ananiuliza hali ya adapta zake.

Ndiyo maana siku hizi naanza na swali moja: kinachokosekana kiko kwenye mfumo endeshi, kwenye draiva (programu inayoiunganisha kadi na mfumo) na fimuwea (programu inayoiendesha kadi yenyewe), au kwenye chipu? Viwili vya kwanza unaviboresha ukiwa umekaa kitini. Cha tatu ndicho cha kufungulia laptopu.

Ili ujue chipu inaweza nini, lazima ujue imezaliwa lini. Kadi za mwanzo zilikuwa na WEP, kanuni ya kwanza ya usalama wa Wi-Fi, inayosimba kwa njia iitwayo RC4. Mwaka 2001 watafiti Fluhrer, Mantin na Shamir walionyesha udhaifu wa namna WEP inavyotumia RC4, na kufikia 2007 watafiti wa Ujerumani walikuwa wanapata ufunguo wa biti 104 kwa chini ya dakika moja. Sasa fikiria: duniani kulikuwa tayari na mamilioni ya kadi ambazo chipu zake zinajua RC4 tu. Huwezi kuwaambia watu wote wazitupe. Ndipo ikatengenezwa TKIP, iliyokuja na WPA mwaka 2003. Injini ni ileile RC4, ila kila paketi inapewa ufunguo wake, na namba ya mfuatano ikaongezwa hadi biti 48 isije ikajirudia haraka kama zile biti 24 za WEP. Kazi hiyo ya ziada ilifanywa na draiva na fimuwea, kwa hiyo kadi ya mwaka 2001 iliweza kupata WPA kwa kusasishwa tu. Hata ukaguzi wa paketi, unaoitwa Michael, ulifanywa mwepesi makusudi ili vichakataji vidogo vya kadi zile viumudu. Walioubuni walijua kwamba ni mwepesi kuvunjwa, wakaongeza kinga: paketi mbili zikifeli ukaguzi ndani ya dakika moja, mtandao unajifunga kwa sekunde 60. Mimi huipenda sana TKIP kama kazi ya fundi mwenzangu, kiraka cha mtu aliyejua kitambaa hakitoshi. Kuitumia leo ni jambo jingine.

WPA2 na AES yake, njia ya kusimba iliyo imara kuliko RC4, ilikuja 2004, na kuanzia Machi 2006 kifaa kipya hakikupata cheti cha Wi-Fi bila hiyo. Tarehe hiyo ishikeni. Kadi yenye nembo ya Wi-Fi iliyothibitishwa baada ya hapo inaijua AES, hata kama Windows iliyo juu yake inakudanganya. Zile za 802.11b, kiwango cha Wi-Fi cha zamani, za kuchomeka ubavuni mwa laptopu (PCMCIA), nyingi mwisho wake ni TKIP.

Kupima ni rahisi. Kwenye Windows ya kuanzia Vista, fungua dirisha jeusi la amri, andika netsh wlan show drivers, kisha shuka hadi kwenye orodha ya uthibitishaji na usimbaji. Ukiona WPA2-Personal na CCMP (namna WPA2 inavyotumia AES) kwenye mstari mmoja, AES ipo na draiva inaijua. Kwenye Linux andika iw list, utafute sehemu ya Supported Ciphers. Mimi natembea na flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa. Kadi ikiingia WPA2 kupitia flashi hiyo, basi kadi haina kosa, rudi kwenye Windows ukashughulike nayo. Ila isipoingia msiihukumu bado. Baadhi ya chipu, za Broadcom hasa, zinahitaji fimuwea ambayo mara nyingi haimo kwenye flashi kwa sababu za leseni. Isitoshe, Linux inaweza kufanyia AES kwenye kichakataji cha kompyuta pale chipu isipoweza, kwa hiyo kuna kadi inayofaulu kule na Windows ikaikataa maisha yote.

Draiva tafuteni kwa namba ya chipu. Jina la kwenye boksi linapotosha. Adapta ya TL-WN722N toleo la kwanza ina chipu ya Atheros AR9271, toleo la pili ina Realtek, na kwa nje ni mapacha.

Sasa kosa ambalo nawaona nalo vijana wengi, nami nimelifanya. Mashine moja imegoma, fundi anaishusha ruta nzima ili iikubali. Nilikuwa nahudumia ofisi moja ya wakala wa mizigo pale Dar, kuna laptopu ya mzee mmoja isiyojua AES. Nikaiweka ruta kwenye TKIP, mzee akafurahi, nikaondoka. Kesho yake simu haziishi: intaneti imekuwa nzito ofisi nzima. Kasi za 802.11n, kiwango cha Wi-Fi cha zile laptopu mpya, haziruhusiwi pamoja na TKIP, kwa hiyo zote zilirudishwa kwenye megabiti 54 kwa sekunde, na hizo ni za kwenye karatasi. Hata ule mpangilio wa mchanganyiko wa WPA na WPA2 si bure, maana matangazo yanayoenda kwa wote yanasimbwa kwa TKIP ili yule mkongwe naye aelewe. Yule mzee nilimwekea waya wa LAN, shilingi elfu chache, na ruta ikarudi AES peke yake. Wengine wanarudi hadi WEP na kujifariji kwa kuchuja anwani za MAC, namba ya utambulisho ya kila kadi. Anwani hizo zinapita hewani wazi, mwenye nia anaiokota moja na kuivaa.

Ikibidi kubadili kadi kweli, angalieni kwanza kama BIOS ya laptopu hiyo, programu inayoiamsha kabla ya Windows, ina orodha ya kadi inazozikubali. Laptopu kadhaa za kibiashara za miaka ile zikikuta kadi ngeni zinasimama kabla hata Windows haijaanza. Na vile vinyaya viwili vya antena, cheusi na cheupe, vinyanyueni wima kwa kucha au ncha ya plastiki, msivute kwa pembeni. Nimeshang'oa kichwa cha soketi kikabaki kwenye nyaya, kadi mpya kabisa.

Siku hizi hadithi imejirudia na WPA3, iliyoifuata WPA2. Ruta mpya zinakuja nayo, laptopu za 2016 zinagoma. Windows 10 iliipata kwenye toleo la 1903, na draiva nayo lazima ilingane. Juzi mama mmoja kaniletea yake, kashaambiwa mahali kwamba kadi haifai. Ilikuwa toleo la 1809. Nikasasisha, nikaandika netsh, WPA3 haimo. Nikashusha draiva mpya kutoka kwa watengenezaji wa chipu, nikaandika tena, WPA3-Personal ikatokea mstari wa mwisho. Mama alikuwa amekaa akingoja nifungue laptopu. Nilipomrudishia, aliigeuza akakagua skrubu za chini moja moja.