Michezo ya msamiati gredi 7 mpaka 9, vile mimi huifanya (ni ndefu, vumilia)

Mwalimu uliyeuliza, nimekusoma. Umepewa Kiswahili gredi ya 7 na 8, darasa lina watoto sabini na kitu, umeambiwa michezo inasaidia kufundisha msamiati lakini ukijaribu inageuka kelele, na ukija kusahihisha insha yale maneno hata huyaoni. Mimi nafundisha huku magharibi mwa Kenya, kati ya Maseno na Luanda, mahali mtoto mmoja kwao ni Dholuo, mwenzake wa dawati ni Lunyore, na wakitoka brek wote ni Sheng, so hiyo shida naijua.

Kwanza niseme wazi, si kila mchezo unafundisha. Kuna ule wa kuandika maneno ubaoni alafu watoto wawili wanakimbia kuligonga kwa kiganja lile umetaja, huo nimeachana nao. Unapendeza sana kama kuna mgeni darasani, lakini wanaofanya kazi ni wawili na hao wengine wote ni mashabiki, na hata hao wawili hawajatamka chochote, wamelitambua tu. Mtoto anaweza kugonga "dhamana" muhula mzima na asiliandike hata siku moja. Mimi hujiuliza tu kitu kimoja, je, huyu mtoto atalazimika kulitoa neno mwenyewe, kwa sentensi yake? Kama hapana, huo ni wa kupumzisha watu.

Ule naupenda kushinda yote sisi tunauita kisogo. Mtoto anakaa mbele akiupa ubao kisogo, naandika neno, timu yake inamweleza maana bila kutaja neno lenyewe wala maneno mengine matatu nimeyaandika chini yake. Hapo kwa maneno matatu ndio kuna kazi. Ukiandika mahakama na hujakataza kesi, jaji na hakimu, itaisha kwa sekunde mbili na hakuna mtu amefikiria. Kuna siku neno lilikuwa hiyo dhamana, na marufuku ni polisi, pesa na korti. Msichana mmoja wa nyuma, yule haongeangi, akasimama akasema, "Ndugu yako amefungiwa, kesi bado haijaisha, mnataka alale nyumbani, mnatoa nini?" Kijana aliyekaa mbele hakungoja, akapiga kelele, "Hongo!" Darasa lilikufa kwa kicheko. Lakini hapo ndipo somo lilianza, maana ilibidi wabishane tofauti ni gani, hii moja unapewa risiti na ukihudhuria kesi mpaka mwisho unarudishiwa, hii nyingine hakuna risiti wala kurudishiwa. Insha zilizofuata, dhamana ilikuwa imejaa mpaka nikachoka kuisoma.

Anayekaa mbele nachagua kwa namba ya rejista, siulizi nani anataka, juu ukiuliza utapata wale wale watano kila siku.

Kelele nayo dawa yake ni kuifanya iwe na bei. Timu ikipayuka pointi inaenda kwa wapinzani. Mimi sisemi "nyamazeni" tena, wananyamazishana wenyewe, na mwalimu wa hesabu wa darasa la jirani hajawahi kuja mlangoni na ile sura yake.

Mwingine ni mnyororo wa silabi. Huu Kiswahili ni kama kiliumbiwa, maana karibu kila silabi inaishia vokali. Mtu anasema giza, mwingine anachukua za, zawadi, kisha dirisha, shamba, mbalamwezi. Wa kwetu wengi "sh" inawatokea "s", sasa neno kama dirisha linamlazimisha anayefuata aanze na sha, akisema "samba" timu ile nyingine inakataa, na anarekebisha bila mimi kumsimamisha mbele ya watu (kumcheka mtoto kwa lafudhi ya kwao ni marufuku kwangu, na inakula pointi tano). Ngoja uone wakigundua mitego. Kuna mmoja aligundua "zizi". Ukiisema unamwachia adui zi ile ile, na maneno ya zi yanaisha haraka, ziwa, ziara, basi. Wiki hiyo yote ilikuwa zizi. Alafu timu iliyoumia ikaenda kushinda kwa kamusi, ikarudi na ziada, zindua, zingatia, na mwingine akaleta zimwi akidhani amewamaliza, akajibiwa "mwizi" wakarudi pale pale kwa zi. Hakuna mtu alikuwa amewatuma kwa kamusi. Sheria yangu moja tu, ukitaja neno na ukishindwa kulitungia sentensi halihesabiki.

Bingo ni ya ile lesoni baada ya lunch wakiwa wamelala. Maneno kumi na tano ubaoni, kila mtu anachora vyumba tisa nyuma ya daftari anachagua yake, mimi nasoma maana, neno silitaji, mwenye nalo analikata, wa kwanza kumaliza vyumba anasema bingo. Kimya kabisa. Si mchezo mkubwa lakini unafanya kazi.

Na vitendawili usiviache vikae tu kwa sura ya fasihi simulizi. Nikifundisha msamiati wa biashara kila kundi linatega chake. "Sina mdomo lakini nakudai." Wakashindwa, wakaambiwa watoe mji, wakatoa Majengo ikakataliwa, mpaka walipotoa Mombasa ndio wakaambiwa ni ankara.

Muda usikutishe. Kiswahili ni lesoni 4 kwa wiki, dakika 40 kila moja, na mimi mchezo huchukua dakika kumi za mwisho, si lesoni nzima. Maneno mapya ni manane hivi kwa wiki, usizidishe. Kila neno naliandika kwa kadi inaingia kwa mkebe, na wiki ijayo nusu ya maneno ya kisogo yanatoka humo, hata ya muhula uliopita. Bila huo mkebe utapata Jumatatu wameyasahau yote. Gredi 9 wanaongojea KJSEA (ule mtihani wa kitaifa wa mwisho wa gredi hiyo) nao hawaachwi, ila wao nawaongezea kuandika aya fupi na maneno ya siku hiyo baada ya mchezo.

Kadi usinunue. Zile boksi za kadibodi dukani unapewa bure, ila uliza asubuhi mapema kabla ya wauza mayai hawajazipitia.