Jibu: Wafanyakazi wananipigia simu kwa kila jambo

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: una wafanyakazi watano, umewagawia majukumu, lakini kila uamuzi bado unarudi kwako, na ukikosekana siku moja tu kazi inasimama.

Nilikaa kwenye hali hiyo muda mrefu. Kabla ya kuwalaumu, angalia kwanza hili: mara ya mwisho mmoja wao alipoamua mwenyewe akakosea, ulimfanya nini? Mimi nilimgombeza kijana wangu mbele ya mteja kwa punguzo alilotoa. Tangu siku ile hakuna aliyethubutu kuamua chochote. Ilinibidi nimwombe radhi mbele ya walewale walioshuhudia; kumwita pembeni kusingetosha.

Kisha nikaweka mpaka. Punguzo lisilozidi asilimia 10, au kumbadilishia mteja bidhaa mbovu, waamue bila kunipigia, waandike tu kwenye daftari. Jioni tunalipitia pamoja. Anayeuliza jambo lililo ndani ya mpaka, namrudishia swali: "Wewe ungefanyaje?" Halafu nanyamaza. Hapo ndipo pagumu hasa, maana ulimi unawasha na jibu unalo. Wiki za mwanzo makosa yaliongezeka, nikakaribia kuwanyang'anya tena madaraka. Vumilia hapo.

Kama hofu yako ni wizi, hilo sijalipitia, ngoja wenye uzoefu wakujibu. Ila tuandikie maamuzi yote yaliyokurudia wiki hii, tuone lipi la kuachia kwanza.