Re: Shaba na dhahabu za chini ya bahari zinatoka wapi?
Mkuu umeuliza kama hayo madini yanamwagwa na volkano. Sio moja kwa moja, maji ya bahari yanapenya kwenye nyufa za mwamba yanashuka mpaka karibu na magma (mwamba ulioyeyuka kwa joto), yanapata moto hadi nyuzi 350 hivi na hayachemki sababu presha ya kule si ya kitoto, njiani yanayeyusha shaba, zinki, chuma na dhahabu kidogo, yakitoka juu kwenye sakafu ya bahari yanakutana na maji ya nyuzi 2 basi madini yanaganda hapohapo yanajenga bomba linalotoa moshi mweusi (huo "moshi" ni chembe za madini tu). Kuchimba sasa ndo kimbembe, kampuni ya Nautilus Minerals walipata leseni ya kuchimba huko Papua New Guinea 2011, wakafilisika 2019 bila kuanza.