Narudi kazini, mtoto hajafikisha miezi mitatu: maziwa yatatosha?

SWALI: Likizo yangu ya uzazi inaisha wiki mbili zijazo. Nimeajiriwa kwenye duka la vitambaa Kariakoo na tunaishi Mbagala. Nitakuwa natoka saa 12 asubuhi na kurudi saa 12 jioni. Nimejaribu kukamua, nikapata kijiko kimoja tu. Mama mkwe anasema maziwa yakikaa kifuani kutwa huchacha, hivyo nikirudi niyamwage kwanza, na mtoto aanze uji mwepesi. Friji tunayo ila umeme unakatika. Nifanyeje? (Mama wa Mbagala)

JIBU: Hongera kwa mtoto, dada. Kijiko kimoja kisikutishe. Kukamua ni ufundi wa mikono, na anayeanza hupata matone hata kama matiti yamejaa. Una wiki mbili za kujifunza, zinatosha.

Nawa mikono kwa sabuni, andaa kikombe cha mdomo mpana kilichochemshwa. Kanda titi taratibu, mtazame mtoto au mfikirie; utulivu husaidia maziwa kushuka. Weka kidole gumba juu ya chuchu na cha shahada chini yake, sentimita 4 hivi kutoka ncha ya chuchu. Sukuma vidole kuelekea kifuani, kisha vibane pamoja, achia, rudia. Wengi hukosea hapa: wanavuta chuchu au kuburuza vidole juu ya ngozi, wanaambulia maumivu. Zungusha vidole ili pande zote zikamuliwe. Dakika 3 hadi 5 titi moja, hamia la pili, rudi la kwanza, mpaka zifike dakika 20 hadi 30. Jizoeze asubuhi, baada ya mtoto kunyonya.

Kiasi gani cha kuacha nyumbani? Kwa umri huu kadiria mililita 30 kwa kila saa usiyokuwepo. Saa 12 ni kama mililita 360. Acha 400, na uzigawe katika vikombe vidogo vya 60 au 80, kwa sababu yanayobaki kikombeni mtoto akishalishwa hayahifadhiwi.

Kinachokausha maziwa ya mama anayefanya kazi, mara nyingi, ni titi kukaa limejaa. Lisipotolewa, lenyewe hupunguza kutengeneza. Mtori na uji wa pilipili manga kunywa kama unaupenda, lakini havitafanya kazi ya kukamua. Kwa hiyo kazini kamua kila baada ya saa tatu: saa 4 asubuhi, saa 7 mchana, saa 10 jioni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Sheria inataja kunyonyesha. Wewe kwa foleni ya Mbagala huwezi kwenda na kurudi, basi zungumza na bosi wako mapema muda huo uutumie kukamua. Omba na mahali pa faragha. Choo si mahali pa kuandalia chakula cha mtoto.

Joto la Dar halina huruma. Maziwa yaliyokamuliwa yasikae nje zaidi ya saa 4, na siku za joto kali yatumike mapema zaidi. Ndani ya deli dogo lenye barafu ya kutosha yanafika saa 24. Kwenye friji yanakaa hadi siku 4. Yaweke ndani kabisa, sio mlangoni, na uandike siku na saa. Umeme ukikatika msifungue mlango: friji iliyofungwa hutunza ubaridi kwa takriban saa 4. Ukiona haurudi, yahamishieni kwenye barafu. Mafuta yakipanda juu, hayajaharibika, tikisa taratibu. Yasichemshwe, chombo kiwekwe ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, na yakishapashwa yatumike ndani ya saa 2.

Anayebaki na mtoto amlishe kwa kikombe, sio chupa ya chuchu, ambayo ni ngumu kuisafisha na huwafanya watoto wengine wakatae titi. Mtoto akae wima, kikombe kiguse mdomo wa chini, aramberambe mwenyewe. Asimiminiwe.

Mama mkwe mwambie kwa heshima, ikiwezekana mwende naye kliniki asikie kwa muuguzi: maziwa hayachachi ndani ya titi, hata ukishinda juani. Ukirudi, nawa, mnyonyeshe. Usimwage kitu. Usiku mnyonyeshe kila anapotaka, maana usiku homoni ya prolaktini inayotengeneza maziwa huwa juu.

Uji subirini hadi atimize miezi sita. Ule mwepesi hasa ni maji mengi na unga kidogo: unajaza tumbo, mtoto ananyonya kidogo, na maziwa yako yanapungua kweli. Maji pia hahitaji. Zaidi ya asilimia 85 ya maziwa ya mama ni maji.

Mkitaka kujua kama anashiba, hesabuni nepi: akikojoa mara sita au zaidi kwa siku na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda, anatosheka. Mstari ukilala au ukishuka, msisubiri tarehe ya kliniki. Nawe ukipata homa huku titi limekuwa jekundu na linauma, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na uendelee kunyonyesha.