Ekari Tano za Kinango: Zinafaa kwa Kujitegemea?

SWALI: Mimi ni mkaazi wa Changamwe, nina mke na watoto watatu. Tangu Aprili 2020, tulipozuiwa kutoka wala kuingia Mombasa kwa ajili ya korona, nimekuwa nikitafuta mahali tutakapolima chakula chetu, tuwe na maji yetu na umeme wa jua. Nimeonyeshwa ekari tano upande wa Kinango na bei naimudu. Nitajuaje kama kaunti ya Kwale inafaa kwa maisha hayo?

JIBU: Ndugu yangu, usiipime kaunti nzima. Shimba Hills na Kinango ziko Kwale zote mbili, lakini mkulima wa huku na wa kule hawalimi mvua moja. Ukanda wa Matuga, Msambweni na Shimba Hills hupata mvua ya kutosha minazi, miembe na migomba. Ukipanda kuelekea Kinango na Samburu mvua inapungua na kuyumba, na maisha ya watu yanaegemea zaidi mbuzi na ng'ombe. Kwa hiyo swali lako ni la kijiji, tena la shamba lenyewe.

Na shamba hilo ulipime kwa mwaka wake mbaya. Mwenye kuuza hukupeleka Mei au Juni, mahindi yamesimama na silanga, yaani bwawa la maji ya mvua, imejaa. Wewe nenda Februari au mwanzo wa Machi. Waulize wenyeji, hasa kina mama, kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ilipokosa mfululizo, maji waliyateka wapi, kwa mwendo wa saa ngapi, na mtungi uliuzwa shilingi ngapi. Kisha uliza Novemba 2023, mafuriko yalipokuja, barabara ilikatika wapi.

Hebu tupige hesabu ya maji, maana hapa ndipo wengi wanaotoka mjini hukwama. Watu watano, kila mmoja lita 20 kwa siku za kunywa, kupika na kuoga kwa uangalifu, ni lita 100 kwa siku, yaani lita 36,500 kwa mwaka. Hapo hujanywesha mbuzi wala kumwagilia mche. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Chukulia bati la mita 60 za mraba na mvua ya milimita 600 kwa mwaka: ni lita 36,000, ukitoa robo hivi inayopotea kwa kumwagika na kukauka, unabaki na kama 27,000. Mvua ikishuka hadi milimita 300, huna hata 14,000. Bati la nyumba ya kawaida, basi, halikutoshi. Utahitaji paa kubwa zaidi, labda la nyumba pamoja na ghala na banda, na tangi la kubeba kiangazi chote. Vuli ikikosa, unasubiri kuanzia Juni hadi Aprili ya mwaka unaofuata, siku 300, na hizo ni lita 30,000 zilizokaa tayari.

Usitegemee kisima kirefu kabla ya kupima. Kuanzia Mariakani kwenda Samburu, maji ya chini mara nyingi yana chumvi. Karibu na bahari maji hayako mbali, lakini huko kuna hatari ya maji ya bahari kuingia kisimani na ya vyoo vya shimo vya majirani. Mlipe mtaalamu wa maji ya ardhini apime, uombe kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na sampuli ya kisima kilicho jirani uipeleke maabara. Gharama hiyo ifanye kabla ya kununua.

Chakula. Familia yako itakula takriban magunia matano ya mahindi ya kilo 90 kwa mwaka. Waulize majirani walivuna mangapi kwa ekari msimu mzuri, na mangapi msimu mbaya. Mara nyingi jibu la pili ni sifuri. Ndiyo maana sipendi mtu wa Kinango aegemee mahindi peke yake. Panda muhogo, unaokaa ardhini mpaka utakapouhitaji, na kunde, na pojo inayokomaa kwa miezi miwili na kidogo. Mahindi yawe mbegu ya muda mfupi. Mavuno yakaushwe vizuri kabla ya kuhifadhiwa, maana unyevu huleta sumu ya ukungu, na dumuzi akiingia ghalani anageuza punje kuwa unga. Wenyeji huyaweka mahindi kwenye uchaga juu ya jiko, moshi uyalinde. Ukiongeza magunia yasiyopitisha hewa, utafika mbali.

Mifugo nayo ina mahali pake. Kinango mbuzi wanastawi. Karibu na msitu wa Shimba Hills kuna mbung'o, kwa hiyo ng'ombe wanahitaji matibabu ya mara kwa mara, na ndovu wanaotoka upande wa Mwaluganje wakiingia shambani usiku mmoja hawaachi kitu.

Umeme wa jua ndilo jambo jepesi kuliko yote. Paneli chache na betri nzuri zitatosha taa, simu na jokofu dogo. Usianze nalo.

Kitu kingine usikisahau: mwaka huo wa 2020 Mombasa, Kwale na Kilifi zote ziliwekewa mipaka. Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara, ilikuwa upande wa pili wa kizuizi kwa mtu wa Kinango. Kwa hiyo pima mwendo hadi hospitali ya Kinango na ya Msambweni, usiku, wakati wa mvua.

Kuhusu hati. Ardhi ya kilimo inahitaji idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, na idhini hiyo huombwa ndani ya miezi sita tangu mkubaliane. Kama shamba lilikuwa ranchi ya kikundi, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka theluthi mbili ya wanajamii waliosajiliwa waafiki kabla ya kuhamishwa. Mtu mmoja hawezi kukuuzia. Fanya utafutaji kwenye sajili, uwaone wazee wa kijiji, na mke wa muuzaji aridhie.

Ningekuwa wewe, nisingenunua mwaka huu. Kodisha ekari moja hapo hapo, ulime misimu miwili, mhudhurie mazishi na harusi zao, maana tangi likikauka jirani ndiye wa kwanza utakayemwendea. Halafu linganisha na ekari mbili za Matuga kwa fedha hizo hizo. Kwa kilimo cha chakula ningechagua Matuga. Kwa mbuzi, Kinango. Na popote utakapochagua, theluthi ya fedha zako isiguswe na ununuzi. Hiyo ni ya bati na tangi.