Barua kwa Mwanangu: Robota la Makoti

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Sisi huku hatujambo. Goti la baba yako limetulia, ila anajifanya limepona kabisa ili apande Kibosho kupogoa migomba, na mimi panga nimelificha.

Ile sauti uliyonitumia Jumanne usiku nimeisikiliza mara tatu. Unasema biashara ya kahawa imetimiza miaka miwili, mtaji umebaki robo, wenzako mlioanza pamoja wamerudi kuajiriwa, na unaniuliza: "Mama, wewe moyo wa kutokata tamaa uliutoa wapi? Nifundishe." Nimeshindwa kukujibu kwa sauti. Kwenye simu nalia upesi, halafu baba yako anakaa pembeni ananisahihisha. Bora niandike.

Huo moyo unaousema mimi siujui. Najua pale soko la Memorial wananiita Mama Jiwe, na umekua ukilisikia jina hilo, ukadhani kuna kitu nimekificha. Nilichokuwa nacho ni daftari. Lile kauntabuku jekundu nililolifunga kwa mpira wa baiskeli. Nimelisema tangu hujajua kusoma na nitalisema mpaka mnizike: daftari kwanza, moyo baadaye.

Ila ngoja nikueleze habari ya makoti, maana katika familia hii inasimuliwa vibaya. Baba yako mkubwa akiisimulia Desemba, kata ya mbege mkononi, inakuwa kama ushuhuda wa kanisani.

Ilikuwa Januari 2006, uko darasa la nne. Nilikopa kwenye kikundi, unakumbuka lile sanduku la bati lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mama wake. Nikaongeza ya kwangu, nikanunua robota la mitumba la kilo 45. Nje limeandikwa blauzi za kike. Wewe ulizoea kukalia marobota ukila muhogo, lakini kulifungua sikukuruhusu, kwa sababu sikutaka uuone uso wangu. Robota unalinunua limefungwa. Limebanwa kwa mashine huko Ulaya, na ndani ukikuta majanga ni yako, hakuna wa kumrudishia.

Nilikata mikanda saa kumi na mbili asubuhi. Mkanda wa mwisho ukikatika robota linavimba kama unga uliotiwa hamira, na ile harufu ya dawa inakupiga puani. Wamama sita walikuwa wamechuchumaa kunizunguka, wale wanaowahi kuchagua vizuri kabla havijaguswa. Nikaingiza mkono, nikavuta. Koti. Zito, nene kama godoro. Nikavuta tena, suruali ya mtoto wa Kizungu ya kuchezea kwenye theluji, ile ngumu inayopiga kelele ukitembea. Nikavuta glovu, zimeunganishwa kwa uzi. Blauzi hakuna hata moja. Januari, mwanangu, na jua la Moshi unalijua lilivyo mwezi huo. Wamama wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja, wakikung'uta kanga zao. Mmoja akaniambia "pole" kwa sauti ya chini, kama unavyomwambia mfiwa. Ile pole bado naisikia.

Wiki tatu nilikaa na makoti yale. Kila Jumamosi marejesho, nikikosa naandikiwa faini. Usiku naandika kwenye daftari: mauzo, sifuri. Ushuru wa soko, umetoka. Nauli, imetoka. Chai, imetoka. Nikaona hiyo chai nayo inanila, nikaanza kubeba uji kutoka nyumbani.

Wiki ya nne akaja kijana mwembamba, mgumu wa geti la Machame, hao wanaowabebea watalii mizigo kupanda Kilimanjaro. Wagumu unawaona kila siku lakini sidhani kama umewahi kuwatazama wakinunua. Hakuuliza rangi. Alivaa koti, akanyanyua mikono yote miwili kana kwamba ana mzigo kichwani, akasimama hivyo muda mrefu. Alikuwa anapima kama kwapa linabana. Halafu akainama, kuona kama mgongo unabaki wazi. Akaniambia kule juu usiku wa kuelekea kileleni maji yanaganda ndani ya chupa, na mgeni amekuja na nguo zake lakini yeye mbeba mizigo anapanda na alichonacho. Akanunua moja, akaondoka. Kesho yake walikuja saba.

Ndani ya siku kumi na nne sikuwa na koti hata moja. Hata zile suruali za watoto zilikwenda, wakakata miguu wakashona kofia! Nilicheka peke yangu njiani kama mwendawazimu, na jioni ile niliwanunulia nyama, mkala mpaka ukaumwa tumbo. Hiyo ndiyo furaha yangu ya biashara, sina nyingine ya kulingana nayo.

Sasa baba yako mkubwa akifika hapa anasema, "Mnaona uvumilivu!" Mimi huwa nanyamaza kwa heshima. Uvumilivu gani? Nilikaa kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Jirani yangu wa meza alifungua robota wiki ile ile akakuta kaptula za watu wanene. Yeye hakuvumilia hata wiki mbili. Aliuza zote kwa hasara, akaenda stendi kupika makande. Leo ana nyumba Pasua, na vyumba sita vya kupangisha nyuma yake. Aliyekata tamaa ana wapangaji, na mimi niliyevumilia nina jina la jiwe. Nikilala naligeuza jambo hili, silipatii jibu, na linaniudhi.

Tena mfikirie babu yako wa Kibosho. Bei ya kahawa ilipoanguka, mwaka 2001 ikafika pabaya kabisa, majirani waling'oa mibuni wakapanda nyanya na majani ya ng'ombe. Babu alikataa. Alikuwa anasema chama chetu cha ushirika kilianza 1933, shule ya wanawe imejengwa na kahawa, haiwezekani kahawa ikatutupa. Alivumilia, anapogoa, anapiga dawa kwa pesa za ng'ombe. Amefariki 2007. Mwaka 2011 bei ikapanda mpaka watu wakaitafuta mibuni waliyoing'oa. Kwa hiyo alikuwa sahihi? Bei ilirudi, lakini yeye alishalala pale kihambani, kwenye shamba letu la ukoo. Na nyanya za jirani zilisomesha watoto wanne katikati ya miaka hiyo. Halafu najirudi: kama babu angeng'oa, wewe leo ungekaanga kahawa ya nani? Basi, nimechoka na hili.

Naomba sasa nikueleze ambalo baba yako mkubwa halisimulii, kwa sababu halijui. Wewe unalijua nusu.

Baada ya yale makoti nilijiona nimeupata ufunguo wa mlima. Karibu miaka kumi na minne niliuza makoti kwa wagumu, na daftari langu lilikuwa linapendeza hata kulitazama. Januari 2020 nikachukua mkopo mkubwa, nikaweka rehani kile kiwanja cha Njia Panda, nikanunua marobota sita nijiandae na wageni wa kuanzia Juni. Machi 16 wakatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, hapo hapo Arusha kwenu. Ndege za nje zikasimama. Geti la Machame likawa kimya, unasikia ndege wa porini tu. Mei akaja kijana aliyenunua koti kwangu Agosti iliyopita. Alikuja kuniuzia lile lile koti. Amelifua, amelikunja vizuri, kwenye mfuko wa rambo. Sikulinunua. Nilimpa nauli, na mpaka leo sijui alifikaje kwao.

Katika mwezi huo huo akapiga simu mnunuzi wa Njombe, kule Juni ni baridi na watu wanavaa. Akataja bei. Nusu ya nilichonunulia. Baba yako akasema uza, mama, chukua hiyo nusu tulipe mkopo. Nikamjibu, "Mimi ni Mama Jiwe." Kweli nilitamka hivyo, mbele ya mume wangu, kuhusu deni.

Nikavumilia. Mvua za masika zikapenya stoo, ukungu ukaingia. Panya wakazaa ndani ya robota la tatu. Desemba niliuza yaliyobaki kwa mafundi wa gereji, ya kufutia oili. Kiwanja kikaenda. Na ile ada yako ya muhula wa mwisho, uliyoambiwa mama amejibana, alilipa shangazi yako wa Himo. Ulimkuta kwenye mahafali ukamsalimia kwa haraka haraka ukakimbilia picha na wenzako. Nenda kamsalimie vizuri.

Lakini hapo bado sijafika panaponiuma. Wiki iliyopita, baada ya kusikia sauti yako, nilishusha yale madaftari kutoka juu ya kabati. Nikafungua la 2020. Januari imejaa. Februari imejaa. Machi nusu. Kuanzia Aprili kuna tarehe tu. Nilikuwa nalifungua kila usiku, naandika tarehe kwa juu, napiga mstari, nalifunga. Miezi minane ya tarehe. Mimi, niliyekuchapa kwa kusahau kuandika chenji ya chumvi! Nilijua daftari lingesema nini, nikalinyima kalamu. Na watu wote mtaani miezi ile walikuwa wananisifu kwa moyo wangu.

Kwa hiyo unaponiuliza moyo nilitoa wapi, naogopa kukujibu, kwa sababu nilipokuwa nao mwingi zaidi ndipo nilipopoteza kiwanja. Au ni korona tu? Hata aliyeandika kila senti mwaka ule alilia. Hoteli zilifunga milango. Ila yeye alijua analilia kiasi gani, na angeiuzia Njombe. Naam. Angeiuzia Njombe.

Basi nilipokuja kwako Njiro mwezi wa nane, wewe umekwenda kupeleka pakiti Sakina, nilifungua daftari lako. Usikasirike, lilikuwa juu ya friji. Mwandiko mzuri, rangi mbili, na mistari umepiga kwa rula. Nikaona umeandika: kahawa mbichi imeingia kilo 10, pakiti za robo kilo zimetoka 40. Ukurasa wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo.

Mwanangu, nani amekufundisha hesabu hiyo? Mimi nimekaanga kahawa kwa mkono pale kwa babu yako, kwenye sufuria, naikoroga na mwiko. Kahawa ikiingia motoni inatoa maji na maganda membamba. Kilo moja mbichi inakuachia gramu 800 na kidogo, 850 ukikaanga kwa huruma. Kilo kumi zinatoa pakiti 33, labda 34. Hizo 40 unaziandika kutoka kichwani. Bei ya kila pakiti umeipata kwa kugawanya kwa 40, ukaongeza faida kidogo, na hiyo faida ndiyo inayoliwa na pakiti sita ambazo hazijawahi kuwapo. Hapo bado hujaweka umeme, mifuko yenye picha ya mlima, na bodaboda. Miaka miwili unajilaumu kwamba huna moyo.

Nilitaka kukuambia siku ile ile. Nikaona umerudi umechoka, umenunua samaki kwa ajili yangu, nikanyamaza. Sasa nimesema.

Je, ukirekebisha hesabu biashara itasimama? Ukipandisha bei, wale wateja wako wa ofisini watabaki au watarudi kwenye kahawa ya kopo? Ninalo jibu langu. Nililiandika hapa, baba yako akalisoma kwa juu ya bega langu, akasema huyu ni mtu mzima, ana miaka karibu thelathini, mwache. Nimelifuta kwa wino. Usiinue karatasi kwenye taa ukajaribu kulisoma, nakujua. Mimi nilikuwa na jibu sahihi la mume wangu mezani mwezi Mei, na halikunisaidia kitu, kwa hiyo labda ana haki. Ingawa kama angepiga ngumi mezani kidogo tu!

Fanya hivi. Kaanga kilo moja Jumamosi. Ipime mbichi, ipime ikipoa, kwa mizani ya dukani, siyo ile yako ya jikoni yenye mshale unaotetemeka. Andika. Kisha piga hesabu upya kuanzia mwezi wa kwanza wa biashara, kurasa zote, hata ukilia. Jumapili jioni nipigie, unisomee namba tu. Moyo wako tutauzungumza siku nyingine.

Nimekutumia mkungu wa mshare na parachichi kwa dereva wa Kosta ya asubuhi, yule mwenye kofia ya kijani. Kayachukue stendi kabla ya saa saba, hapo juani yataiva yote siku moja. Kikapu nirudishie, ni cha shangazi yako.

Mama yako,
Moshi